Viambaza Vilivyopanda Treni

Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, mtu aliyetoka pande za Malindi kwenda Mombasa kwa basi alifika kwenye hori akateremka. Basi liliingia feri, abiria wakaingia kwa miguu, na mizigo ikabaki juu ya keria imefungwa kamba huku kila mwenye mzigo akiutazama wake. Mbele zaidi kulikuwa na Mtwapa, kisha Nyali, ambako daraja la kuelea lililowekwa mwaka 1931 lilibeba magari hadi lilipojengwa jipya mwaka 1980. Ukishapita hapo umeingia kisiwani, na kama safari yako ni ya bara, una treni ya usiku kucha mbele yako.

Naanza na njia kwa sababu njia ndiyo iliyotuchorea jukwaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya harambee kaskazini ya Kilifi, shule iliyojengwa kwa michango ya wazazi, huyu katoa mbuzi, yule katoa gunia la kopra. Haikuwa na ukumbi wala umeme. Ilikuwa na safu moja ya madarasa, baraza mbele ya ofisi, na mkwaju mkubwa uwanjani. Kutoka hapo tulipeleka tamthilia kwenye tamasha la maigizo la shule, tukapita wilaya, tukapita mkoa, tukafika Kenya National Theatre jijini Nairobi, na kila kilichosimama jukwaani tulikibeba kwa mikono yetu. Waliotuona wanakumbuka waigizaji, na ni haki yao. Mimi nilikuwa nyuma ya viambaza, na habari za huko nyuma sijaona zikiandikwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Nairobi si miaka mingi. Akiwa chuoni alikuwa amezunguka na kundi la maigizo la kusafiri la chuo hicho, lile ambalo mwandishi wa tamthilia John Ruganda alikuwa miongoni mwa waliolilea, na ambalo lilifuata mfano wa kundi la Makerere lililoanza mwaka 1965. Makundi hayo yalicheza penye watu: viwanja vya shule, masoko, kumbi za kanisa. Basi moja lilibeba waigizaji na vitu vyao vyote. Mwalimu alitusimulia kwamba walikuwa wakishuka kwenye basi, wanatandika, wanacheza, wanakunja, na jua halijatua wako njiani tena. Alikuja kwetu na fikra hiyo kichwani tayari.

Tamthilia aliyoichagua ilikuwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Nyuma yake kuna historia ya kweli: vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kusini mwa Tanganyika, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji akisema risasi za Wajerumani hazitawadhuru, ambaye Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Hussein alimfanya mtu mwenye mgogoro ndani yake, anayeliona neno lake likimponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye. Kwa mjenzi wa jukwaa, kitabu kile kinadai mambo matatu ambayo hayaingii katika chumba kimoja. Kuna kijiji, na watu wanaogombana kwa ukabila kabla ya kuungana. Kuna maji, ambamo Kinjeketile anazama na kutoka. Mwishowe kuna gereza.

Shule zenye uwezo wakati ule zilijenga nyumba hasa jukwaani. Zilikuja na lori la shule, na ndani yake mbao za plaiwudi, milango yenye fremu, hata mabati. Tulikuwa tumeziona kwenye tamasha la wilaya mwaka uliotangulia, wavulana sita wakiinua ukuta mmoja huku wenzao wakipiga kelele za kuelekeza, na mwenye saa akihesabu dakika pembeni. Mwalimu alitufanyia hesabu ubaoni. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, unene wa milimita 12, una uzito wa kilo 20 hivi kabla hujaupigilia fremu. Nyumba moja ya kijijini ingetaka si chini ya mbao nne. Halafu akachora keria ya basi, akachora feri, akatutazama bila kusema neno.

Siku chache baadaye alimwita mzee mmoja fundi wa vyombo, aliyekuwa akijenga na kukarabati mashua na madau ufukweni, karibu na shule. Alikuwa hajui kusoma tamthilia, wala hakutaka asomewe yote. Alipoamkiwa na kuketishwa barazani, aliuliza jambo moja tu.

“Mwalimu, hivi vitu vitabebwa na nani?”

“Na hawa, Baba.”

“Basi kipimo ni hawa. Kisichobebwa na watoto wawili hakijengwi.”

Sheria hiyo haikuandikwa popote, ila tangu siku ile hakuna kipande kilichoivunja. Mwalimu alikuja na michoro ya nyumba mbili. Fundi aliiangalia kwa heshima, akaiweka chini ya kikombe cha kahawa, akaenda kuwapima wavulana wawili urefu wa mikono.

Vipande tulivyojenga aliviita viambaza, jina la kuta za ndani ya nyumba, na sisi tukaliacha hivyo hivyo. Kila kiambaza kilikuwa fremu ya fito za saiprasi za inchi 2 kwa 1, kimo futi 7, upana futi 3. Futi 7 ni ndogo jukwaani, wengine walitwambia, na sisi wenyewe tulihofu hivyo. Lakini nyumba za makuti zina paa lililoshuka chini. Mtu mzima huinama kuingia. Kuta fupi zilimfanya mwigizaji aonekane mkubwa, na Kinjeketile alihitaji kuonekana mkubwa.

Pembeni fito zilichongwa nusu kwa nusu zikapishana, zikatiwa gundi na misumari miwili, kisha juu yake kikapigiliwa kipande cha pembetatu kilichokatwa kutoka kwenye makasha ya majani ya chai. Makasha yale yalikuwa ya plaiwudi nyembamba sana, na wenye maduka waliyatupa au kuyauza kwa senti. Ni mbao nzuri kuliko nyingi nilizonunua baadaye nikiwa mtu mzima. Kisha ikaja fito ya mshazari, toka pembe ya chini hadi katikati ya ubavu. Mwanafunzi mmoja alipouliza kama haiwezi kuachwa ili kupunguza uzito, fundi alipigilia vijiti vinne kwa msumari mmoja kila pembe, akakisukuma kile kimraba kwa kidole kikalala upande. Akaongeza kijiti cha tano kimshazari. Hakikusogea tena. “Pembe nne hukimbia,” alisema. “Pembe tatu hazina pa kwenda.”

Kiambaza kizima, na nguo yake, hakikufika kilo 7. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliweza kukibeba kichwani.

Viliungwa viwili viwili. Bawaba za chuma zilikuwa ghali, na hukunja upande mmoja tu. Fundi alitaka vikunjike pande zote mbili. Tulikata vipande vya turubai kuukuu, tukavipisha: kimoja kikatoka uso wa fremu ya kwanza kwenda mgongo wa fremu ya pili, kinachofuata kikaanza mgongoni kwenda usoni, na hivyo hivyo mpaka chini. Fremu zilizofungwa hivyo hazina mbele wala nyuma. Unaweza kuzikunja zikatazamana, ukazigeuza zikapeana migongo, na ukiziachia pembe kidogo zinasimama zenyewe bila mhimili. Jozi tatu zilitosha kuwa nyumba, uwanja, msitu, njia, kwa kugeuzwa tu mbele ya watazamaji na waigizaji wenyewe.

Kuhusu nguo nitakawia, kwa sababu hapo ndipo tamthilia yenyewe ilipoingia katika ufundi.

Nguo ilikuwa marekani, ile pamba ya rangi ya asili, isiyopaushwa, inayouzwa pwani tangu mababu. Ukiipaka rangi ikiwa kavu inakunywa rangi yote na kulegea. Ni lazima kwanza ilishwe wanga. Tulipika uji wa wanga wa muhogo, mwepesi kiasi cha kumwagika kwenye mwiko, tukatia mrututu kidogo ili mende na panya wasiifanye chakula, na shabu ili isishike moto upesi. Hilo la moto lilikuwa jambo zito. Taa zetu zilikuwa karabai, na nguo yenye wanga karibu na karabai inaweza kumaliza watu. Uji ukipakwa ungali vuguvugu na nguo ikaachwa kivulini, inakauka ikikaza kama ngoma. Rangi zilikuwa dongo jekundu lililochekechwa, chokaa na masizi, vyote vimekorogwa na gundi ya maji. Rangi ya mafuta tuliikataa: ni nzito, na nguo iliyopakwa mafuta ikikunjwa inapasuka palipokunjwa. Badala ya brashi tulitumia kumbi la nazi, lililopondwa ncha, kama wapaka chokaa wanavyofanya. Ukuta wa udongo haupakwi ukawa sawasawa. Unapakwa rangi moja, kisha unanyunyiziwa nyingine nyeusi zaidi chini, nyingine nyeupe kidogo juu, na chini ya paa unapitisha kivuli kinene. Kwa karibu ni madoadoa. Kwa hatua 15 ni udongo uliokaushwa na jua.

Desturi ya mafundi wa jukwaa popote ni kuigongomea nguo kwenye fremu. Fundi wetu hakutaka msumari wowote ugusane na nguo. Tanga, alisema, halipigiliwi kwenye foromali. Linafungwa kwa kamba, kwa sababu litachakaa kabla ya mti na litataka kuvuliwa. Akatukumbusha mitepe ya zamani ya upande wa Lamu, ambayo mbao zake zote zilishonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, ikasafiri bahari kuu. Basi nguo zikapindwa na kutiwa kamba kwenye upindo, kama tanga, zikatobolewa vitundu vilivyoshonwa ukingo kwa mkono, wavulana kwa wasichana tukishona barazani alasiri, kisha zikafungwa kwenye fremu kwa kamba nyembamba iliyozunguka pande zote nne. Faida yake tuliiona upesi. Nguo ikilegea kwa unyevu wa bahari, unakaza kamba. Ikichafuka, unaivua. Safarini inakunjwa kwenye mti wa mwanzi, na fremu zinakwenda tupu.

Gereza lilikuwa bado halijapatikana. Mwalimu alikuwa amefikiria viambaza vingine viwili vyenye vyuma vilivyochorwa, jambo lililomaanisha mzigo zaidi na dakika zaidi. Jioni moja viambaza vilikuwa vimeegeshwa chini ya mkwaju, nguo zimevuliwa kwa sababu ya umande, na jua likawa linashuka nyuma yake. Ndani ya kila fremu fundi alikuwa ametia upongoo wa mwale, yaani uti wa jani la mti ule wa jamii ya mnazi, wima, vipande vitano kwa kila fremu, ili nguo isibonyee upepo ukivuma. Upongoo huo ni mwepesi kupita kiasi. Watu hutengeneza milango na ngazi kwa upongoo huo. Mwalimu alikuwa akivuka uwanja na vitabu mkononi. Alisimama. Mwanafunzi aliyeigiza Kinjeketile alikuwa ameketi upande wa pili akifunga kamba za viatu, na kutoka pale tulipokuwa tulimwona katikati ya zile nondo za upongoo.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kuta za kijiji zilikuwa na gereza ndani yake tangu tulipozijenga.

Lililobaki lilikuwa kuivua nguo mbele ya watazamaji, kwa pumzi moja. Kamba iliyopita kwenye vitundu sitini haivuliwi kwa pumzi moja. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuwa na duka, ndiye aliyelitatua. Alituonyesha gunia la sukari lilivyoshonwa mdomo: ukikata ncha isiyo yake utahangaika mpaka usiku, lakini ukiipata ncha ya kweli na kuivuta, mshono wote unafumuka kwa mvuto mmoja, kwa kuwa kila kitanzi kinashikwa na kitanzi kinachofuata. Tuliufanyia kiambaza mshono ule ule. Kamba haikupita tena kwenye vitundu. Ilichomoza kitanzi kutoka kila kitundu, kitanzi kikapitishwa kwenye cha jirani yake, na cha mwisho kabisa kikazuiwa na kijiti. Ukichomoa kijiti na kuvuta, nguo yote ya futi 7 inashuka sakafuni. Kazi hiyo nilipewa mimi na msichana mwingine. Tulifanya mazoezi mpaka nguo zote sita zikashuka pamoja, bila moja kutangulia.

Mto ulikuwa kaniki. Doti kadhaa zilizoshonwa ubavu kwa ubavu, zikishikwa na watu wawili kila upande na kutikiswa chinichini. Kinjeketile aliingia katikati, akazama chini ya nguo, akatambaa kutoka nyuma ya kiambaza bila kuonekana. Kaniki ikiwa imekunjwa inaingia kwenye kikapu cha sokoni. Siku zote nimeamini kuwa mto ule ulikuwa wa kweli kuliko maji yoyote tungeweza kuyachora, maana ulikuwa ukipumua.

Bado kulikuwa na suala la kuvizuia viambaza visianguke, hasa mtu akivigusa kwa bega. Kitu chepesi huanguka kwa wepesi wake. Jibu la fundi lilikuwa uzito, ila uzito usiosafiri. Tulishona mifuko midogo ya turubai yenye masikio mawili, tukaibeba mitupu. Popote tulipofika, wa kwanza kushuka walikwenda kutafuta mchanga. Mfuko mmoja ulining’inizwa kwenye ndoano chini ya kila fremu, ukamwagwa tulipomaliza. Mchanga uko kila mahali. Sijaona mpaka leo sababu ya kuubeba.

Nairobi tulikwenda kwa treni, behewa la daraja la tatu, iliyoondoka Mombasa saa moja usiku. Fremu zilizokunjwa zilikuwa na unene wa shubiri moja, na upana wake wa futi 3 ulipita kwenye mlango wa behewa kwa kuinamishwa kidogo. Miaka mingi baadaye, nikifundisha, nilisoma kwamba huko Marekani fremu za jukwaani zilizoeleka kuishia upana wa futi 5 na inchi 9, kwa sababu makundi ya waigizaji yalisafiri kwa reli na hicho ndicho kipimo kilichopita kwenye mlango wa behewa la mizigo. Nilifurahi sana. Mafundi wa ng’ambo, wenye majumba makubwa ya maonyesho, walikuwa wamepimiwa kazi yao na treni kama sisi, ila reli yetu ilikuwa ya upana wa mita moja na mabehewa yake yalikuwa membamba zaidi.

Asubuhi Nairobi kulikuwa na mvua, mvua ya Aprili isiyo na haraka. Hatukuwa na gari. Tulivipanga viambaza vichwani, wawili wawili, tukatoka kituoni tukiifuata barabara iliyokuwa ikiitwa Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, tukapita bustani za Jeevanjee, tukaelekea chuo kikuu mpaka mbele ya hoteli ya Norfolk. Nguo zenye rangi zilikuwa zimezongwa kwenye mwanzi ndani ya karatasi ya nailoni. Kilicholowa ni mbao tu. Kama nguo zingekuwa zimepigiliwa kwenye fremu, dongo letu jekundu lingebaki barabarani.

Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952, wakati wa ukoloni, na jukwaa lake ni la kizungu hasa: pana, lina mdomo mkubwa wa pazia, na juu yake kuna nafasi ya kuning’iniza mandhari. Mwalimu alituambia tukiwa bado mlangoni kwamba hapo ndipo The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Mĩcere Mũgo ilipochezwa Oktoba 1976, na watazamaji wakatoka nje wakicheza na waigizaji. Alitaka tujue tumesimama wapi. Lakini tuliposimamisha viambaza vyetu pale katikati, moyo ulinishuka. Vilikuwa vidogo. Jukwaa lilivimeza. Baadhi yetu tulitaka kuazima vitu vilivyokuwa vimeegeshwa nyuma, ngazi, maboksi, pazia jeusi, ili kujaza.

Mwalimu alikataa. Alituamuru tuvitenganishe. Jozi moja ikaenda mbali kulia, nyingine kushoto mbele kabisa, ya tatu nyuma katikati, na baina yake hakukuwa na kitu ila sakafu. Kijiji kikawa kikubwa ghafla. Mtu akitoka nyumba moja kwenda nyingine alikuwa na mwendo wa kwenda, na ugomvi wa makabila, ambao barazani kwetu ulikuwa watu kusukumana, sasa ulikuwa na umbali ndani yake. Nimeona mandhari nyingi tangu wakati huo, na ninasema bila kusita kwamba nafasi tupu iliyopangwa ni kitu cha kujengwa sawa na ukuta, tena ndicho kinachosafiri kwa urahisi kuliko vyote.

Mtu wa taa wa ukumbi ule alitutazama tukifanya mazoezi. Tulipoangusha nguo, alipanda juu bila kuulizwa akageuza taa moja iwake kutoka nyuma.

Kwa hiyo usiku wa onyesho, Mjerumani alipomtaka Kinjeketile akiri kuwa maji ni uongo, tulichomoa vijiti. Nguo sita zilishuka pamoja. Kijiji hakikuwapo tena, na kivuli cha nondo kikaruka sakafuni mpaka kwenye ukingo wa jukwaa, juu ya mwili wa yule kijana aliyepiga magoti. Ukumbini palisikika sauti, ile sauti ya watu wengi kuvuta pumzi mara moja. Nilikuwa nimeshika kamba mkononi, sioni chochote ila mgongo wa kiambaza, nikaijua sauti ile ni ya nini.

Hatukushika nafasi ya kwanza. Waliotushinda walistahili.

Sehemu ya kazi ile ninayoithamini zaidi ilikuja baada ya Nairobi. Wazazi waliotoa mbuzi na kopra walitaka kuiona tamthilia, nasi tukawapelekea: Takaungu, Gede, vijiji vya ndani kuelekea Ganze, mahali ambapo basi halikufika na viambaza vilikwenda kwa baiskeli au vichwani. Huko hapakuwa na kuta za kuzuia upepo. Mwezi wa Juni, kusi likivuma, nguo ya futi 7 ni tanga, na tanga lina kazi moja. Fundi alifuatana nasi mara ya kwanza, akavua nguo za viambaza vya nyuma kabisa, akafunga makuti machache yaliyoachana kwenye upongoo, ili upepo upite. Nguo akaziacha kwenye jozi moja tu, ile iliyokingwa na nyumba au mti. Gereza likawa linaonekana kidogo tangu mwanzo, nyuma ya makuti. Nilidhani litaharibu tukio la mwisho. Bibi mmoja pale Takaungu aliniambia, baada ya onyesho, kwamba alikuwa amemwogopea kijana yule tangu aingie, na hakujua kwa nini.

Huko vijijini hakuna aliyekaa mbele tu. Watu walizunguka pande zote, watoto wakapanda miembe, na viambaza visivyo na mbele wala nyuma vikatumika kwa kila upande. Walioketi nyuma ya nyumba waliona mgongo wa nyumba, na Kinjeketile akitambaa kutoka chini ya mto; walicheka, wakanyamaza, wakaendelea kuamini. Walipomaliza kutazama walisaidia kukunja. Wazee walivinyanyua viambaza kwa mkono mmoja wakavigeuzageuza, wakaulizana bei ya fito.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na nimekwenda kwenye matamasha ya shule kama mwalimu na baadaye kama mtazamaji. Ufundi umekua na vijana wana vipaji vya ajabu. Lakini ninaumia ninapoona lori zima la mbao na chuma likishushwa kwa onyesho la chini ya saa moja, kisha likatupwa nyuma ya bweni lioze. Ninaumia zaidi kwa shule ndogo, ambayo mwalimu wake huona lori lile na kuamua kuwa mwaka huu hawendi. Mandhari nzito huwafukuza watoto wa mbali kabla hawajafungua mdomo. Inawafunga hata walioijenga, kwa sababu kitu kilichochukua siku nzima kusimamishwa hakirudi kijijini kwa wazazi.

Mwaka jana mwalimu mmoja kijana kutoka bara ya Kilifi alinijia. Shule yake haina basi, na wanafunzi wake wameandika mchezo kuhusu kisima. Alikuwa na simu iliyojaa picha za majukwaa ya nchi za mbali, mazuri kweli. Nilimwomba aiweke kando kwanza, aniambie wanakwenda na gari gani. Matatu ya abiria 14, alisema, na vitu vitakaa juu. Tukatoka nje na kamba ya kupimia, tukasimamisha matatu ya kwanza iliyopita, dereva akaturuhusu. Keria yake ilikuwa na urefu wa futi 7 kasoro. Kijana aliandika, kisha akauliza mwale unapatikana wapi siku hizi. Nilimtajia bonde moja karibu na Shimba Hills na mtu wa kumwona, nikamwambia aagize upongoo uliokauka, asichukue mbichi hata akipewa bure, na aende kabla mvua hazijaanza.